Neno «Ajali» na Kiwanja cha Ndege cha Goma

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo aina ya Dornier 228, yenye injini mbili, iliruka kutoka kiwanja cha Goma ikielekea Beni. Haikufika mbali. Muda mfupi baada ya magurudumu kuacha ardhi, iliangukia nyumba za Mapendo, karibu na Birere, ikawaka moto. Walikufa watu zaidi ya 20, wengine wakiwa abiria, wengine wakiwa nyumbani mwao.

Tukio hilo liliitwa ajali. Neno lenyewe latokana na Kiarabu ajal, yaani muda uliowekwa, saa ya kufa, na katika Kiswahili halijaachana kabisa na maana ya kudra. Mwanahistoria hana budi kulipokea kwa tahadhari.

Kiwanja cha Goma kiko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,500. Hewa yake ni nyepesi, hivyo ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kupaa. Kaskazini yake ni mlima Nyiragongo. Kusini ni mji, kisha ziwa Kivu. Mlima ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia. Ndege ziliendelea kuruka kuelekea mjini, kwa njia iliyofupishwa, juu ya paa za Birere. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege kubwa zaidi, DC-9, ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia na kuingia mtaani humo. Wengi wa waliokufa hawakuwa abiria.

Ndege iliyotoka tu ardhini haina mwendo wala kimo cha kutosha. Hitilafu ambayo juu angani ingempa rubani nafasi ya kutafuta pa kutua, hapo humwachia nukta chache tu. Hitilafu ni jambo la fundi. Lakini kwamba chini yake pana nyumba, hilo ni jambo la historia. Husemwa kwamba wakaaji ndio waliokisogelea kiwanja. Ni kweli nusu tu: soko na mpaka wa Rwanda viliwavuta, na vita vya miaka ya 1990 viliujaza mji watu waliokimbia vijiji.

Abiria nao hawakupanda kwa anasa. Barabara ya Rutshuru kuelekea Butembo na Beni ilikuwa ya mavamizi na utekaji nyara. Tangu mwaka wa 2006 Umoja wa Ulaya umeyakataza makampuni ya ndege ya Kongo kuingia kwake; katazo hilo, hata likiwa la haki, halikumpatia mfanyabiashara wa Butembo njia nyingine.

Baada ya tukio la 2019 tarakimu za vifo zilitofautiana kutoka tangazo hadi tangazo. Abiria huandikwa kabla ya safari. Waliokuwa nyumbani Mapendo hawakuwa katika orodha yoyote, wakahesabiwa na majirani.