Njia Tuli na Mlango Mmoja: Historia ya Uelekezaji wa Data hadi Kabazana

Historia ya mitandao ya kompyuta husimuliwa mara nyingi kama safari ya kutoka njia tuli, ambazo fundi huziandika kwa mkono ndani ya ruta, kuelekea njia badilifu, ambazo ruta huzigundua zenyewe. Ushahidi hauafiki simulizi hiyo. ARPANET, ulioanza Marekani mwaka 1969, ulitumia njia badilifu tangu mwanzo. Itifaki ya RIP iliwekewa maelezo rasmi mwaka 1988, na BGP mwaka 1989. Hata hivyo, njia tuli haikutoweka. Makala haya yanadai kuwa kilichoidumisha ni idadi ya milango ya kutokea, wala si uchanga wa teknolojia.

Njia tuli hutaja mambo mawili: mtandao unaolengwa na ruta inayofuata. Penye mlango mmoja, mstari mmoja watosha: 0.0.0.0/0, yaani kila pakiti isiyo na njia mahususi ipitie huko.

Uganda, nchi isiyo na pwani, ilitegemea sana setilaiti hadi mkongo wa SEACOM ulipofika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo, mwaka 2001, watoa huduma walianzisha jijini Kampala kituo cha kubadilishana data, UIXP. Palipo na milango mingi, BGP ina kazi ya kufanya. Pembezoni hali ni nyingine. Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960, hupokea huduma nyingi kupitia Mbarara. Ofisi yoyote ya Kabazana yenye kiungo kimoja haihitaji zaidi ya mstari ule.

Tatizo huzuka kiungo cha pili kinapoongezwa. Njia tuli haitambui kifo kilicho mbele ya jirani yake: maadamu kiungo cha karibu ki hai, ruta huendelea kutuma pakiti zisizofika. Dawa yake inajulikana, nayo ni njia tuli ya akiba yenye kipaumbele cha chini, pamoja na upimaji wa mara kwa mara wa ile ya kwanza. Lakini dawa hiyo yamhitaji mtu ajuaye nani aliandika mstari wa awali, na kwa nini. Miradi huisha na mafundi huondoka, mstari hubaki.

Kwa hiyo watunga sera wasiupime muunganisho kwa kasi pekee. Waulize pia idadi ya milango, na kama kumbukumbu za usanidi na nywila vimekabidhiwa kwa wakazi, katika lugha wanayoielewa.