Saa, Muhuri na Mdhamini: Habari za Uhakiki wa Vitu vya Thamani katika Unguja

Msafiri atokaye Mji Mkongwe akashika njia ya kaskazini, akapita Mtoni, lilipokuwa kasri la Seyyid Said bin Sultan, kisha Bububu, akaendelea kuifuata pwani, hufika Mangapwani, kijiji cha minazi na wavuvi ambacho jina lake limeenea ulimwenguni kwa sababu ya chumba kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe karibu na bahari. Chumba hicho, ambacho hunasibishwa na Mohammed bin Nassor Al-Alwi, kilijengwa mnamo mwaka 1880, yaani miaka 7 hivi baada ya Seyyid Barghash bin Said kutia sahihi, tarehe 5 Juni 1873, mapatano na Waingereza ya kulifunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Na kwa kuwa biashara hiyo ilikwisha kuwa haramu mbele ya sheria, ilihitaji mahali pa giza pa kuwafichia watumwa, mbali na macho ya forodha.

Nimeanza na Mangapwani kwa kusudi. Atakaye kuandika tarehe ya uhakiki wa bidhaa katika Unguja hana ruhusa ya kuficha kwamba ukaguzi mkali kuliko wote uliopata kufanywa katika kisiwa hiki haukufanywa juu ya dhahabu wala pembe za ndovu, bali juu ya viwiliwili vya wanadamu: katika soko la Mkunazini wanunuzi waliwafumbua watu vinywa wakatazama meno yao, wakawapapasa viungo, wakawatembeza huku na huku ili wajue kama miguu yao ni mizima, na dalali akisimama kati yao anatangaza bei. Maarifa ya kupambanua kizima na kibovu ni maarifa tu. Hayamfanyi mwenye kuwa nayo kuwa mtu wa haki. Katika kiwanja kile kile Askofu Edward Steere alijenga kanisa, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, na katika mnara wake ikatiwa saa inayosimuliwa kuwa ni zawadi ya Seyyid Barghash, baada ya Askofu kuridhia kwamba mnara huo usilipite kwa urefu jumba la Sultani.

Kupenda saa, kwa hakika, ilikuwa tabia ya watu wakubwa wa Unguja tangu zamani. Sayyida Salme binti Said, aliyeitwa baadaye Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, jinsi vioo vikubwa na saa za namna nyingi vilivyopamba kuta za nyumba za Waarabu. Saa hizo hazikufuata hesabu ya Ulaya; siku ilianza magharibi, na mwenye saa aliirudisha akrabu kwenye kumi na mbili jua lilipotua, jambo ambalo katika nchi iliyo karibu na istiwai halina taabu, maana tofauti ya machweo katika mwaka mzima haifiki saa nzima. Hata vita vya Agosti 1896 vilikuwa vita vya saa: Waingereza walimpa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, muhula mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27, dakika chache baadaye mizinga ikanguruma, na kabla ya saa nne kila kitu kilikuwa kimekwisha. Mnara uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani, uliharibiwa, na jumba lilipotengenezwa likatiwa mnara wa saa katika uso wake, ambao watu wa mjini waliutazama kwa zaidi ya miaka 120, mpaka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ya jumba ilipoporomoka.

Lakini saa ilikuwa kitu kimoja tu katika vitu vingi vilivyokuja na kwenda kwa merikebu, na kila kimoja kilikuwa na hila zake na dawa ya hila zake. Chukua sandarusi, yaani utomvu wa mti uliokauka ukawa mgumu. Ilichimbwa ardhini katika Mrima, ikaletwa Unguja kwa majahazi, na kutoka hapa ikaenda Salem katika jimbo la Massachusetts, ambako ilitumika kwa vanishi. Na wafanyabiashara wa Salem walikuwa wamekwisha kujipatia nafasi yao kwa mapatano ya mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said. Iliyokomaa, ikishaoshwa, ilionyesha juu yake vinundu vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ile changa, iitwayo chakazi, ilikuwa na uso laini na haikufaa kwa vanishi njema. Vumbi na udongo viliweza kuificha tofauti hiyo, kwa hiyo kuosha ndiko kulikokuwa kuhakiki. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanyiwa Salem kwenyewe, maili maelfu kutoka kwa muuzaji. Baada ya ushuru mpya wa Marekani wa mwaka 1861 ikahamia Unguja, na hukumu ya uzuri wa mali ikatolewa hapa, mbele ya wote wawili, aliyeuza na aliyenunua.

Au chukua riyali ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo watu wa pwani waliiita reale ya Sham wakiitenga na reale ya mzinga ya Kihispania. Kila riyali ya namna hiyo ina tarehe ya 1780, mwaka aliofariki malkia mwenyewe, hata ile iliyopigwa Roma mwaka 1935 na ile iliyopigwa London mwaka 1936. Tarehe yake, basi, si ya kweli, lakini fedha yake ni ya kweli: uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na katika sehemu 1,000 sehemu 833 ni fedha safi. Mwenye kuipokea hakuishughulikia tarehe. Alizihesabu lulu za bizimu iliyo begani mwa malkia, akapitisha ukucha juu ya maandishi ya ukingoni, akaidondosha juu ya jiwe ili ausikie mlio wake, na akishuku akaitia mizanini. Seyyid Barghash alipotoa sarafu zake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijra, sawa na mwaka 1882, pesa ya shaba iliwekwa sura ya mizani, na sioni alama iliyofaa zaidi kwa mji uliokula kwa kupima.

Wanazuoni wa Unguja nao walikuwa na neno lao. Kwa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wenyeji wengi, kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kitu kilicho ghaibu, ambacho mnunuzi hajakiona, hakusihi. Wahanafi wanakuruhusu, kwa sharti kwamba mnunuzi akishakiona ana hiari ya kukikubali au kukirudisha. Ama kitu chenye aibu iliyofichwa, haki ya kukirudisha inajulikana kwa wote. Na nani katika watoto wa chuoni asiyekijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta unyevu, akamlaumu mwenye mali kwa kutouweka unyevu huo juu, watu wakauona? Leo mtu wa Darajani anayenunua saa kutoka Geneva kwa simu, hali hajaigusa, amesimama katika mas'ala yale yale, na hiari ya kurudisha ambayo masoko ya mtandao yanaitangaza kuwa neema mpya wanazuoni waliijadili karne nyingi zilizopita.

Katika Mji Mkongwe wapimaji wa vitu vidogo vya thamani walikuwa wawili. Sonara, aghalabu Mhindi aliyerithi kazi kwa baba yake, alilisugua pambo juu ya jiwe jeusi, akadondosha tindikali juu ya mstari uliobakia, akatazama kama rangi inakaa au inakimbia. Fundi saa alitia kioo jichoni, akafungua mgongo wa saa, akasoma kilichoandikwa ndani. Alama zilizogongwa Ulaya, kama muhuri wa Geneva ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1886, zilimsaidia, walakini hakuzitegemea peke yake, kwa kuwa alama huighushi yule yule aighushiye saa. Katika karne ya kumi na nane saa nyingi za bara Ulaya ziliandikwa jina la London ili zipate bei ya London. Nguvu ya sonara na fundi ilikuwa katika jambo jingine: duka lao lilikuwa katika uchochoro ule ule mwaka hata mwaka, na aliyehadaika aliujua mlango wa kwenda kubisha hodi.

Sasa nije katika saa ambazo hasa zimenitia kuandika haya. Baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 watu wengi wenye asili ya Oman walitoka Unguja na Pemba, na Sultani Qaboos bin Said aliposhika utawala wa Oman tarehe 23 Julai 1970 akawaita Waomani walio ng'ambo warejee waijenge nchi, wengi wao walihamia Maskati na kuingia katika kazi za serikali, wakakichukua Kiswahili chao hata maofisini. Sultani alikuwa na desturi ya kutunuku saa. Kwa mkono wa duka la Asprey la London ziliagizwa saa za Rolex, na za Patek Philippe kadhalika, zenye alama ya dola usoni, jambia juu ya panga mbili zilizopishana, kwa rangi nyekundu au kijani au dhahabu, wakapewa watumishi wake, wageni wake, na maofisa wa Kiingereza waliotumika katika vita vya Dhofar, vilivyotangazwa kuwa vimekwisha Desemba 1975. Leo saa yenye jambia, ikipelekwa mnadani Geneva au London, hupata bei inayoizidi mara kadhaa ndugu yake wa aina na umri ule ule asiye na jambia. Na hapo ayari akapata mlango wa kuingilia.

Ayari huyu haundi saa ya bandia. Hununua Rolex ya kweli ya miaka ya 1970, akaunga jambia juu ya uso wake, au akaung'oa uso wenyewe na kutia mwingine. Swali la mhakiki, kwa hiyo, haliwi kama saa ni halisi, bali kama uso huo ulizaliwa pamoja na saa hiyo. Huondoa mkanda na kuisoma namba iliyochongwa ubavuni, baina ya miguu inayoushika mkanda. Hufungua mgongo na kutazama kama mtambo ni wa umri wa namba hiyo. Hutazama kwa kioo kama wino wa jambia umekauka pamoja na wino wa maandishi mengine. Kisha hutazama chini kabisa, kwenye saa sita. Saa nyingi za wakati huo zilipakwa tritiamu ili zing'ae usiku, na herufi T iliandikwa kandokando ya neno SWISS kutoa habari hiyo. Rolex iliiacha tritiamu mnamo mwaka 1998, basi uso wenye rangi ya kung'aa lakini usio na T katika saa inayodaiwa kutunukiwa mwaka 1975 umejishuhudia wenyewe. Tena tritiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 12 na kidogo: saa ya zama hizo ikiingizwa chumba cha giza inapasa iwe karibu imekufa, na ikiwaka kwa muda mrefu, kuna mkono uliopita juu yake.

Kwa kazi ya namna hii makampuni yamesimama katikati ya wauzaji na wanunuzi wasioonana. Chrono24, iliyoanza Ujerumani mwaka 2003, hushika fedha za mnunuzi mpaka saa imfikie. eBay, mwezi Septemba 2020, ilianza kuzipitisha saa zilizozidi dola 2,000 huko Marekani mikononi mwa mafundi kabla hazijamfikia mnunuzi. Na Rolex wenyewe, mwezi Desemba 2022, walianza kutoa muhuri na dhamana ya miaka 2 kwa saa zilizokwisha tumika, zikipitia maduka yaliyoidhinishwa nao. Patek Philippe huandika dondoo kutoka daftari zao, likitaja mwaka saa ilipoundwa na siku ilipouzwa. Haya ni mema, na nayasifu. Lakini wapo wanaojiita wahakiki ambao huhukumu kwa picha tu, na hao sioni kwamba wanastahili ujira, kwa sababu picha haifungui mgongo wa saa, wala haiingii chumba cha giza.

Na hata mhakiki mwema kuliko wote ana mpaka wake. Mtambo humwambia saa iliundwa lini. Haumwambii ni nani aliyepewa, kwa mkono wa nani, na kwa huduma gani. Tarehe 26 Oktoba 2017 Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York kwa dola 17,752,500. Saa za namna ile zipo nyingi, na kilichoipambanua ni maneno ambayo mkewe aliyachongesha mgongoni, pamoja na ushahidi wa mtu aliyepewa na Newman mwenyewe. Ithibati kamili, basi, ni ya watu wawili: fundi aliyefungua, na mwenye mali anayejua saa ilipotoka na yuko tayari kuulizwa. Fundi anaweza kuajiriwa Geneva. Shahidi wa pili hupatikana nyumbani tu, na anazeeka.

Kwa hiyo nawaomba jamaa walio Maskati, Unguja, Mombasa na popote pengine, ambao wazee wao waliacha saa za namna hiyo katika masanduku: msizipeleke zikasuguliwe ziwe mpya, wala msikubali uso wa zamani ubadilishwe, maana madoa yake ni sehemu ya ushahidi wake. Lihifadhini boksi, na barua iliyokuja nayo, na picha ya mzee siku aliyotunukiwa kama ipo. Mkipata fundi amini, afungue mbele yenu na kuwasomea namba, nanyi mziandike. Na kama aliyetunukiwa angali hai, mwulizeni habari ya saa yake, muiandike pamoja na tarehe, naye atie sahihi.