Kabla Upige Picha ya Hirola

Ukisikia Garissa unawaza nini? Joto, ngamia na vizuizi vya polisi, si ndiyo? Mimi nawaza kesi ya 1996.

Mwaka huo KWS walikuwa wanahamisha hirola kutoka Garissa kuwapeleka Tsavo Mashariki. Huyu ni swala mwenye duara jeupe machoni kama miwani, na kwao asili ni huku tu, karibu na mpaka wa Somalia. Baadhi walibebwa kweli. Lakini wenyeji walikataa, wakaenda Mahakama Kuu, na wakapata amri ya kuzuia. Hebu fikiria: wafugaji wa Kisomali, wenye ukame wao na ng'ombe wao, wanasimama kortini kutetea swala!

Baadaye jamii za Ijara zikaanzisha hifadhi yao, Ishaqbini. Mwaka 2012 wakatenga eneo lenye uzio wa kuzuia simba na wanyama wengine wawindaji, wakaanza na hirola 48. Duniani kote wanaobaki porini wanakadiriwa kuwa chini ya 500.

Ndiyo maana zile video za "nimegundua Garissa iliyofichika" huniudhi. Umegundua nini, na wenyewe walishaipigania kortini kabla hujazaliwa? Ukienda, lipa kiongozi wa hapo hapo, na usitoke barabarani kufuata picha. Gari likikanyaga nyasi, limekanyaga chakula cha hirola na cha ng'ombe. Na kabla ya kumrekodi mama kisimani, msalimie, kisha umwombe ruhusa. Akikataa, zima simu.