Barua za Wanabotania Wakati wa Vita

Wasomaji wetu wa Munkunyu, wilayani Kasese, wana milima ya Rwenzori jirani yao. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann, aliyekuwa katika msafara wa Emin Pasha, aliipanda milima hiyo kutoka upande wa Kongo hadi karibu mita 4,000. Mimea aliyokusanya ilipelekwa Berlin.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti huko Amani, katika milima ya Usambara, na Stuhlmann akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Wanabotania walikuwa na desturi nzuri: mmea ukishakaushwa, kipande kimoja kilibaki Amani na kingine kilitumwa Berlin pamoja na barua. Majibu yalirudi kwa meli.

Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza ziliifunga pwani, na barua zikawa shida kufika. Wataalamu wa Amani, chini ya Albrecht Zimmermann, wakageukia kutengeneza kwinini, sabuni na mahitaji mengine yasiyoweza tena kuagizwa ng'ambo. Waingereza waliiteka Amani mwaka 1916.

Vita Vikuu vya Pili vilileta hasara kubwa zaidi. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, mabomu yaliunguza hebaria ya Berlin, yaani nyumba ya kuhifadhia mimea iliyokaushwa. Sehemu kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki iliteketea. Ilisalimika ile iliyokuwa imeazimwa kwingine, pamoja na vile vipande vilivyobaki Amani, ambavyo vilihamishiwa Nairobi mwaka 1950.

Je, sisi watu wa lugha tunajifunza nini? P. J. Greenway, mwanabotania wa Amani, alichapisha kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili mwaka 1937, na toleo la pili likatoka mwaka 1940, vita vikiendelea. Jina la mti linalojulikana na bibi mmoja tu kijijini limo katika hatari ileile ya mmea uliohifadhiwa Berlin peke yake.

Kwa hiyo tunawahimiza wanafunzi wanaotoka Munkunyu, Bwera na kwingineko: mwendapo likizo, waulizeni wazee majina ya mimea kwa Lhukonzo na kwa Kiswahili. Andikeni nakala mbili. Moja ibaki katika shule ya kijijini, nyingine ije idarani.