Mafuta ya Kula: Utegemezi wa Tanzania kwa Wauzaji Wachache wa Nje

Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula yanayotumiwa nchini, hususan mafuta ya mawese. Udhaifu wa hali hiyo hautokani na kuagiza pekee, bali na uchache wa wauzaji: nchi mbili tu, Indonesia na Malaysia, huzalisha zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani.

Athari zake zilidhihirika mwaka 2022. Mwezi Februari, vita vya Urusi na Ukraine vilikwamisha mafuta ya alizeti yaliyokuwa yakisafirishwa kupitia Bahari Nyeusi, na wanunuzi wengi duniani wakageukia mawese. Tarehe 28 Aprili, Indonesia nayo ikazuia kuuza mawese nje ili kuwapunguzia wananchi wake makali ya bei. Zuio hilo liliondolewa Mei 23, kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Hata hivyo, uamuzi uliofanyika Jakarta kwa ajili ya walaji wa Indonesia unaweza kumfikia mama lishe wa Dar es Salaam ambaye hakuhusika nao kwa lolote.

Ajabu ni kwamba mchikichi ni mti wa Afrika, na mkoani Kigoma umelimwa kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba michikichi ya asili ina kokwa zenye ganda nene na hutoa mafuta kidogo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga huzalisha mbegu bora ya Tenera, yenye ganda jembamba, ingawa mche wake huhitaji takribani miaka mitatu hadi minne kabla ya kuzaa. Alizeti, inayolimwa kwa wingi Singida na Dodoma, huvunwa ndani ya msimu mmoja.

Suala gumu zaidi ni ushuru. Katika mwaka wa fedha 2018/19, ushuru wa forodha ulipandishwa hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa. Kiwango kikubwa humlinda mkulima lakini humwongezea mlaji gharama. Kikipunguzwa, mlaji hupata nafuu, ila bei ya alizeti shambani hushuka, na mkulima aliyepata hasara huweza kuhamia zao jingine msimu unaofuata. Hapo viwanda vya kukamua hukosa malighafi, na mahitaji ya mafuta ya nje huongezeka tena.