Pingili na Mbegu: Historia Fupi ya Uzazi wa Matumbawe katika Matangi ya Nyumbani

Kwa mtu wa Kasese au Bwera, matumbawe ni jambo la mbali. Bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, na Ziwa Katwe, ijapokuwa lina chumvi, chumvi yake imezidi mno kwa viumbe hao. Hata hivyo, historia ya watu waliofuga matumbawe majumbani mwao inatuhusu. Swali walilokutana nalo wanalijua pia wakulima wa muhogo wa Uganda: je, kuongeza idadi ya kiumbe kwa kukikata ni sawa na kukizalisha? Katika insha hii ninadai kwamba si sawa, na kwamba wafugaji wa matumbawe walibobea katika njia ya kwanza miongo mingi kabla ya kuiweza ya pili.

Tuanze na kiumbe mwenyewe. Tumbawe ni mnyama. Limeundwa na polipu nyingi, vinyama vidogo vyenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri. Polipu huchukua kalsiamu kutoka majini na kujijengea kikombe cha chokaa, kisha hujigawa, na jirani mpya hujenga kikombe chake. Ndani ya mwili wake huishi mwani wa seli moja unaotumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Matumbawe ya matawi ya jenasi Acropora yanaweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka. Yale manene ya Porites huongezeka takriban sentimita moja tu. Mafundi wa miji ya kale ya Waswahili, kama Kilwa, waliyajua vizuri: walilitoa Porites baharini na kulichonga likiwa bado bichi na laini, kabla halijakauka na kuwa gumu. Huko Ulaya, daktari Mfaransa Jean-André Peyssonnel alipodai katika miaka ya 1720 kwamba marijani ni mnyama, wasomi wa Paris walimkatalia.

Kumweka mnyama huyu hai ndani ya nyumba kulichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia alichapisha maelezo ya tangi lake, lililotunzwa kwa mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe wake hai. Baadaye wafugaji wa Berlin waliongeza taa kali na chombo cha kutoa uchafu kwa mapovu. Mfugaji alijifunza kupima kila kitu: chumvi kama gramu 35 kwa lita, joto la nyuzi 25 hivi, na kalsiamu ya miligramu zipatazo 400 kwa lita, kwa sababu tumbawe linalokua huimaliza. Matumbawe yalipostawi, wafugaji waliyakata matawi, wakayabandika juu ya mawe, wakagawiana. Dietrich Stüber wa Berlin alisambaza vipande vya Acropora wake hivyo, na matawi ya tumbawe hilo moja yakafika katika matangi ya nchi nyingi.

Lakini matawi hayo yote yalikuwa mnyama yuleyule. Uzazi wa mayai na mbegu haukufahamika vyema hata baharini. Wataalamu wengi waliamini kwamba matumbawe kwa kawaida hulea mabuu ndani ya miili yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti vijana wa Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, walishuhudia spishi nyingi zikitoa mayai na mbegu kwa pamoja, usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu. Walichapisha matokeo hayo katika jarida la Science mwaka 1984. Baadaye Sangeeta Mangubhai na Peter Harrison walionyesha kwamba Kenya ni tofauti: huko utoaji wa mayai husambaa katika miezi kadhaa. Ndani ya matangi, Jamie Craggs na wenzake wa Horniman Museum, London, waliiga majira ya joto, jua na mwezi. Mwaka 2017 wakaripoti spishi nne za Acropora zilizotoa mayai kwa mpango.

Kwa nini tofauti hii iwe na uzito? Muhogo unatupa jibu. Tunaupanda kwa pingili, na shamba zima huweza kuwa nakala za shina moja. Ugonjwa wa batobato kali ulipoenea Uganda katika miaka ya 1990, aina zilizopendwa ziliangamia. Nafuu ilitokana na aina zilizopatikana kwa kuchavusha na kuchagua miche ya mbegu, kazi ambayo mizizi yake inafika hadi kituo cha Amani, Tanganyika, katika miaka ya 1930. Matumbawe nayo yana batobato lake: joto la bahari, ambalo mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika pwani ya Afrika Mashariki.

Mtu anaweza kunipinga kwamba vipande vya matangini hupunguza haja ya kuvuna matumbawe baharini. Ni kweli, na ni faida kubwa. Lakini pingili huhifadhi kile tulicho nacho tayari. Uwezo wa kustahimili joto ambalo wazazi hawakulistahimili hutafutwa miongoni mwa watoto wanaotofautiana, na watoto hao hutoka kwenye mayai. Kwa hiyo, ninaona mwaka 2017 una uzito kuliko 1961: matangi yaliyokuwa maghala ya nakala yalianza kuwa vitalu.