Kabla ya biberoni: jinsi Ituri ilivyowalisha watoto wachanga mama asipokuwapo

BUNIA – Mtoto ana wiki sita, ananyonya vizuri, na mama yake anatakiwa kurudi kazini baada ya wiki mbili. Anaenda sokoni kutafuta biberoni. Mezani anakuta za plastiki laini, za plastiki ngumu, za kioo, zenye shingo nyembamba na zenye mdomo mpana, na chuchu za mpira zenye tundu moja au matatu. Muuzaji anamsifia rangi. Jirani aliyemsindikiza anamwambia achukue ile ya bei ndogo, kwa kuwa zote ni chupa tu.

Si kweli kwamba zote ni chupa tu. Lakini swali la mama huyo, yaani nani atamlisha mtoto nisipokuwapo na kwa chombo gani, ni la zamani kuliko mji wa Bunia wenyewe, na Ituri imelijibu kwa njia nyingi.

Jibu mojawapo halikuwa chombo hata kidogo. Lilikuwa mwanamke mwingine. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Kimarekani waliishi na Waefe katika msitu wa Ituri wakihesabu, saa kwa saa, nani anambeba mtoto mchanga na nani anamnyonyesha. Mwaka 1987 Edward Tronick, Gilda Morelli na Steve Winn walichapisha waliyoyaona: mtoto wa Kiefe hupita mikononi mwa watu wengi tangu siku ya kwanza, na wanawake wengine wenye maziwa humnyonyesha, hata kabla maziwa ya mama yake hayajashuka. Mama akienda kutafuta chakula, mtoto anayebaki kambini habaki na njaa. Wataalamu wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifundisha kwamba mtoto lazima awe na mlezi mmoja tu walishangaa. Shangazi na bibi wa Ituri wasingeshangaa.

Njia hiyo leo ina hatari zake, kwa sababu virusi vya UKIMWI hupita katika maziwa, na hakuna munganga atakayeishauri bila vipimo. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba biberoni haikuja kujaza pengo. Ilikuta watu wana desturi yao.

Chupa yenyewe ilikuwa na sifa mbaya kwao Ulaya kabla haijavuka bahari. Chuchu ya mpira ilipewa hataza Marekani mwaka 1845, kwa jina la Elijah Pratt. Baadaye zikapendwa chupa zenye mrija mrefu wa mpira: mtoto analazwa na chupa pembeni, ananyonya peke yake, na mama anaendelea na kazi. Mrija huo haukuweza kusafishwa. Maziwa yaliganda ndani, vijidudu vikaongezeka, watoto wakafa kwa kuhara, na Waingereza wakazipa jina la chupa za mauaji. Ufaransa ilizipiga marufuku kwa sheria mwaka 1910. Mama anayechagua leo anaweza kuishika historia hiyo yote katika kanuni moja: kisichoingia brashi hakimfai mtoto.

Wafaransa walikuwa pia wameanzisha kitu kingine. Mwaka 1894, katika mji wa Fécamp, daktari Léon Dufour alifungua kituo alichokiita Goutte de Lait, yaani tone la maziwa, ambako mama alipewa maziwa safi yaliyochemshwa na mtoto akapimwa uzito. Wazo hilo lilienea Ubelgiji, na kutoka huko likaingia Kongo. Mwaka 1912 Wabelgiji waliunda umoja wa kulinda watoto weusi wa Kongo, na vituo vya Goutte de Lait vikafuata.

Hapa ndipo habari inapokuwa nzito. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika makala yake ya mwaka 1988, alionyesha kwamba nyuma ya tone hilo la maziwa kulikuwa na hesabu. Baada ya miaka ya mpira, upagazi na malale, serikali ya kikoloni na makampuni waliogopa kwamba watu wa Kongo wanapungua na kwamba wafanyakazi wataisha. Wakatazama nyumba za Wakongomani, wakaona mama ananyonyesha miaka miwili au mitatu, na katika muda huo hakaribiani na mume wake. Wakaamua kwamba titi ndilo linalochelewesha watoto. Mama akimwachisha mtoto ziwa mapema, akapewa maziwa na chakula mahali pake, atazaa tena haraka. Katanga ndiko mpango huo ulikofuatwa kwa nguvu zaidi. Kampuni ya Union Minière, ikiongozwa na daktari Léopold Mottoulle katika mambo ya wafanyakazi, ilijenga kambi za familia zenye vituo vya kupima watoto na kugawa chakula.

Ituri nayo ilikuwa nchi ya migodi. Dhahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Wanaume waliandikishwa, njia zikafunguliwa, mashamba yakalishe kambi. Kwa mwanamke maana yake ilikuwa moja, awe ameolewa mgodini au amebaki kijijini: kazi zikaongezeka na mikono ya kusaidia ikapungua. Mtoto aliyezoea kupakatwa na watu kumi akabaki na wawili. Mazingira kama hayo ndiyo yanayoifanya chupa ionekane msaada.

Je, wakoloni walikosea kuhusu titi na uzazi? Jambo la kuchekesha ni kwamba kuhusu mwili walikuwa karibu na ukweli. Mwaka 1977 daktari Delvoye na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa akina mama wa Kivu, majirani zetu wa kusini. Walipima katika damu homoni ya prolaktini, ile inayoamuru matiti yatengeneze maziwa. Kwa mama aliyenyonyesha zaidi ya mara sita kwa siku, homoni hiyo ilibaki juu hata baada ya mwaka mmoja. Aliyenyonyesha mara chache, ilishuka mapema. Prolaktini ikiwa juu, maziwa yanaendelea, na hedhi inachelewa kurudi.

Utafiti huo wa Kivu una maana kubwa kwa mama aliyesimama sokoni na pesa mkononi, kuliko rangi yoyote ya chupa. Kila biberoni inayochukua nafasi ya titi ni ujumbe kwa mwili: punguza. Mama asipokamua maziwa saa ile mtoto anapokunywa chupa, baada ya wiki chache maziwa yatapungua, naye atasema maziwa yangu yamekauka. Hayakukauka. Hayakuitwa.

Madaktari waliofanya kazi karibu nasi ndio waliopiga kelele mapema. Cicely Williams, aliyeitambulisha kwashiorkor kwa ulimwengu wa kitabibu akiwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alisema hadharani huko Singapore mwaka 1939 kwamba kuwasukumia akina mama maziwa ya kopo ni sawa na mauaji. Derrick Jelliffe, aliyefundisha tiba ya watoto Makerere, Kampala, tangu 1959 hadi 1966, alieleza utapiamlo unaoletwa na biashara: mama maskini anashawishiwa kununua kopo, anaongeza maji ili lidumu, maji si safi, chupa haijachemshwa. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu kuhusu maziwa ya kopo katika nchi maskini. Mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kugomea bidhaa za Nestlé. Mwezi Mei 1981, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha kanuni za kimataifa za uuzaji wa bidhaa hizo. Nchi 118 ziliunga mkono, tatu zikajizuia kupiga kura, na moja tu, Marekani, ikapinga.

Wengi hudhani kanuni hizo ni za maziwa ya unga pekee. Zinataja pia biberoni na chuchu zake: zisitangazwe kwa umma, wala wauzaji wasiwapelekee akina mama zawadi.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliandika hatua kumi kwa maternite zote. Hatua ya tisa ilikataza kabisa kumpa chuchu ya bandia mtoto anayenyonya. Wauguzi wa kizazi hicho waliishika, na ndiyo maana hadi leo mama akitaja biberoni wodini anaweza kukemewa. Lakini mwaka 2018 hatua hiyo iliandikwa upya: mama ashauriwe kuhusu matumizi na hatari za chupa. Tofauti ni kubwa. Kabla ya hapo aliyeuliza alinyamazishwa. Sasa ana haki ya kujibiwa.

Ituri imejua pia nyakati ambazo hapakuwa na nafasi ya kuchagua. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, na hospitali iliyotegemewa na nchi nzima ya huku ikaangamizwa. Mwezi Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia, maelfu ya watu walikimbilia karibu na uwanja wa ndege na makao ya Umoja wa Mataifa. Katika hali kama hiyo chupa ni hatari kuliko njaa ya saa chache, kwa sababu hakuna maji, hakuna makala ya kuchemshia, hakuna pa kuianikia. Mwongozo wa kimataifa wa kulisha watoto wakati wa dharura, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2001, unasema biberoni za msaada zisipokelewe. Asiye na titi alishwe kwa kikombe.

Halafu ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mama aliyeugua alitenganishwa na mtoto wake, kwa kuwa virusi hupatikana katika maziwa. UNICEF ilifungua nyumba za kulelea watoto hao Beni na Butembo, na walezi wakawa wanawake waliopona ugonjwa huo, ambao wangeweza kuwapakata bila kuogopa kuambukizwa. Watoto walipewa maziwa ya maji yaliyotengenezwa tayari, yasiyohitaji kuchanganywa. Tena akawa mwanamke mwingine, kama kwa Waefe, ila safari hii bila titi lake.

Tangu mwisho wa 2017 watu wa Djugu wamekuwa wakikimbilia Bunia, na katika kambi kama Kigonze hesabu ya maji na makala inafanywa kila asubuhi. Kwa mama wa kambini, kikombe kidogo ndicho chombo bora: hakina kona, kinaoshwa kwa sabuni na kidole, na mtoto mchanga hulamba maziwa yaliyokamuliwa mwenyewe, ukimkalisha wima na kuinamisha kikombe mdomoni bila kumwaga.

Kwa mama wa mjini anayetaka biberoni, mambo yenyewe si mengi. Angoje kwanza mtoto azoee titi, wiki tatu au nne. Achukue yenye mdomo mpana na vipande vichache. Kioo ni kizito na huvunjika, ila huchemka bila wasiwasi; plastiki ngumu ya zamani ilikuwa na kemikali iitwayo bisfenoli A, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika biberoni mwaka 2011, na chupa zisizo nayo kwa kawaida huandikwa hivyo. Chuchu iwe ya kutoa polepole, tundu moja dogo. Ile ya matundu matatu humfanya mtoto alikatae titi kwa kuwa linamtaka afanye kazi. Amnyweshe akiwa ameinuliwa, chupa ikilala, na kumpumzisha katikati. Maziwa yaliyokamuliwa yakae kivulini yasizidi saa nne.

Na kabla ya kununua chochote, asome sheria ya kazi. Ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyotiwa saini Kinshasa wakati Bunia ikiwa mikononi mwa watu wenye silaha, inampa mwanamke aliyeajiriwa wiki kumi na nne za uzazi, na kati ya hizo zisizozidi nane ni baada ya kujifungua. Ndiyo maana biberoni nyingi za mjini hununuliwa mtoto akiwa na miezi miwili. Lakini sheria hiyohiyo inampa anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ya kazi. Mama anayeuza samaki sokoni hana sheria hiyo, ila ana mtoto mgongoni na hamwombi mtu ruhusa. Wa ofisini anapaswa kuidai, kwa maandishi ikibidi. Wapo wanaofanya hivyo: saa nne asubuhi dada mdogo anafika getini na mtoto, mama anatoka, ananyonyesha chini ya mti, na mtoto anarudi nyumbani amelala.